Chanda Chema Huvikwa Pete: Tuzo kwa Wanachuo Wanaotumikia Jamii Zianzie Mtaani

UMOJA wa Mataifa umeutangaza mwaka 2026 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Wanaojitolea kwa Maendeleo Endelevu. Imepita miaka 25 tangu jumuiya ya kimataifa ilipotenga mwaka mwingine wa aina hiyo, yaani 2001, kwa heshima ya watu wanaotoa muda, ujuzi na nguvu zao kwa manufaa ya wenzao. Aidha, Desemba 5 ya kila mwaka huadhimishwa kuwa Siku ya Kimataifa ya Kujitolea, kwa mujibu wa azimio la Baraza Kuu la Umoja huo lililopitishwa mwaka 1985.

Kwa Tanzania, siku hiyo huangukia katika msimu wa mahafali. Katika miezi ya mwisho wa mwaka, vyuo vikuu na vyuo vya kati hutunuku shahada, stashahada na vyeti kwa maelfu ya vijana. Wazazi husafiri kutoka mikoani, majoho huvaliwa, mashada ya maua huuzwa getini, na majina ya waliofanya vizuri husomwa mbele ya mgeni rasmi. Zawadi hutolewa kwa mwanafunzi bora wa somo fulani, wa idara fulani, au mwenye wastani wa juu wa alama. Hilo ni jambo jema, kwa kuwa bidii ya darasani inastahili heshima.

Hata hivyo, ni nadra kusikia jina likisomwa kwa sababu mwenye jina hilo alikisaidia kijiji kulinda chanzo chake cha maji, au alikaa na wanawake wa kikundi cha kuweka na kukopa hadi wakaweza kufunga hesabu zao wenyewe. Vijana wa namna hiyo wapo, na baadhi yao humaliza masomo bila mtu yeyote chuoni kujua walichokifanya zaidi ya msimamizi aliyetia saini daftari lao la kumbukumbu.

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Kwamba vijana hao wanastahili pete si jambo la kubishaniwa. Linalohitaji kujadiliwa ni nani mwenye haki ya kusema kwamba chanda hiki ni chema, na kwa kipimo gani. Iwapo kipimo kitawekwa chuoni peke yake, upo uwezekano wa tuzo kwenda kwa aliyeandika ripoti nzuri badala ya aliyefanya kazi nzuri. Kipimo cha kweli hakina budi kuanzia mahali huduma ilipotolewa, yaani mtaani na kijijini.

Si msaada, na si fildi tu

Kabla ya kuzungumzia tuzo, ni vyema kueleza kinachotuzwa. Kujifunza kwa kutumikia jamii ni utaratibu ambao mwanafunzi hutumia maarifa ya kozi yake kushughulikia tatizo halisi la watu, huku akijifunza kutokana na kazi hiyo na kutoka kwa watu hao. Utaratibu huo una nguzo tatu: hitaji lililotajwa na jamii yenyewe, elimu inayohusiana moja kwa moja na hitaji hilo, na muda wa kutafakari kilichofanyika ili mwanafunzi arejee darasani akiwa na jambo jipya.

Utaratibu huu hutofautiana na ziara za hisani. Wanafunzi wanapochangishana na kupeleka sabuni, sukari na daftari katika kituo cha kulelea watoto, wanafanya tendo la huruma linalostahili shukrani. Lakini tendo hilo lingeweza kufanywa na mtu yeyote mwenye moyo, bila kujali anasoma uhasibu au uhandisi.

Vilevile, utaratibu huu si sawa na mafunzo ya kawaida ya vitendo, ambayo wengi huyaita fildi. Mwanafunzi anaweza kukaa wiki nane katika ofisi akijifunza taratibu za kazi, na akanufaika sana, bila kazi yake kumgusa mwananchi moja kwa moja. Mafunzo hayo yana thamani yake na yataendelea kuhitajika. Tofauti yake ni kwamba yamepangwa kwa manufaa ya mwanafunzi na mwajiri wa baadaye, ilhali kujifunza kwa kutumikia jamii kuna mnufaika wa tatu, ambaye ni mkazi wa eneo husika.

Nchini, mbegu za utaratibu huu zipo katika fani nyingi. Wanafunzi wa udaktari na uuguzi hupelekwa wilayani, ambako hutembelea kaya, huuliza kuhusu maji, vyoo, lishe na maradhi, kisha huchambua majibu ili kubaini chanzo cha matatizo ya afya ya eneo zima. Wanafunzi wa kilimo katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), kilichoanzishwa mwaka 1984 mkoani Morogoro, hukutana na wakulima mashambani. Wanafunzi wa ualimu huenda kufundisha katika shule ambazo mara nyingi zina upungufu wa walimu wa sayansi na hisabati. Kwa upande wa sheria, kamati ya msaada wa kisheria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imekuwa ikiwahudumia wananchi wasio na uwezo wa kumlipa wakili tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, miongo kadhaa kabla ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 kutungwa.

Methali ya Kiswahili inayosema kuwa elimu bila amali ni kama nta bila asali imekuwa ikitimizwa katika maeneo hayo kwa muda mrefu. Kilichokosekana ni namna ya kuipima asali hiyo.

Somo la Tandale

Mfano unaoeleza vizuri maana ya kipimo hicho unapatikana Tandale, wilayani Kinondoni, Dar es Salaam. Mwaka 2011, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi wanaosomea mipango miji walishirikiana na wakazi wa kata hiyo kuchora ramani ya makazi yao. Wakati huo, Tandale ilikuwa na maelfu ya wakazi, lakini katika ramani nyingi ilionekana kama eneo tupu lililozungukwa na barabara zenye majina.

Wanafunzi hao walipita vichochoroni wakiwa na vifaa vya kupokea mawimbi ya satelaiti, wakiongozana na wakazi. Waliweka alama mahali penye bomba la maji, choo cha umma, dampo la taka, zahanati, shule na mtaro. Taarifa zilizokusanywa ziliwekwa katika ramani huria ya mtandaoni ambayo mtu yeyote anaweza kuiona na kuitumia bila malipo.

Desemba mwaka huohuo, Dar es Salaam ilikumbwa na mafuriko makubwa yaliyoua zaidi ya watu 40 na kuziacha familia nyingi bila makazi. Tukio hilo lilionesha wazi kwamba kujua mahali maji yanapopita, mahali watu wanapoishi na mahali mtaro ulipoziba ni jambo la kufa na kupona. Mwaka 2015, kazi iliyoanza kwa udogo Tandale ilipanuliwa kupitia mradi wa Ramani Huria, uliowakutanisha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), mamlaka za Jiji, Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania, Benki ya Dunia, pamoja na wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kata zilizo katika hatari kubwa ya mafuriko zilipewa kipaumbele, na baadaye wanafunzi walipima hata upana na kina cha mitaro.

Kuna mambo matatu ya kuzingatia katika mfano huo. Kwanza, wanafunzi walikuwa na ujuzi wa vifaa, lakini hawakuwa na ujuzi wa mahali. Aliyejua maji yalifika usawa gani ukutani mwaka uliopita ni mkazi, na aliyejua mpaka wa shina moja na jingine ni mjumbe. Bila wao, ramani ingekuwa picha ya mapaa ya nyumba tu. Kwa hiyo elimu ilitiririka pande zote mbili.

Pili, wanafunzi walipoondoka, ramani ilibaki. Haikufungiwa katika kabati la chuo wala kuishia katika maktaba ikiwa na jalada gumu. Kiongozi wa mtaa, mtumishi wa halmashauri na mtoa misaada wakati wa dharura wangeweza kuifungua.

Tatu, kazi hiyo haikuwa ya mtu mmoja. Ni vigumu kumtaja mwanafunzi mmoja na kusema kuwa Tandale ilichorwa na yeye. Jambo hili linagusa moja kwa moja suala la tuzo, kwa kuwa mazoea ya kutafuta mshindi mmoja wa kusimama jukwaani hayaendani na kazi ambayo asili yake ni ya pamoja.

Historia inavyofundisha

Wazo la msomi kuitumikia jamii si geni nchini, na historia yake ina mafunzo yanayopaswa kuzingatiwa na yeyote anayepanga kutuza utumishi huo.

Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa mwaka 1963. Serikali ilipoamua kwamba wahitimu wa elimu ya juu walitumikie Taifa kwa lazima, wakipokea sehemu tu ya mshahara kwa kipindi hicho, wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana jijini Dar es Salaam Oktoba 22, 1966 kupinga masharti hayo. Rais Julius Nyerere aliwarudisha nyumbani wanafunzi zaidi ya 300, na katika tukio hilohilo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, Machi 1967, aliandika Elimu ya Kujitegemea, waraka uliohoji elimu inayomtenga kijana na watu waliomsomesha kwa kodi zao.

Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilipitisha Azimio la Musoma. Pamoja na mambo mengine, azimio hilo lilielekeza kwamba waliomaliza kidato cha sita wafanye kazi kwa kipindi fulani kabla ya kujiunga na chuo kikuu, na kwamba maombi yao yaambatane na mapendekezo ya mwajiri na ya tawi la chama mahali walipofanya kazi. Kwa mara ya kwanza, watu walioishi na kufanya kazi na kijana walipewa sauti rasmi katika safari yake ya elimu. Utaratibu huo ulilegezwa hatua kwa hatua na hatimaye kuachwa katika miaka ya 1980.

Matukio hayo mawili yanatoa somo moja lenye pande mbili. Tukio la 1966 linaonesha kwamba utumishi unaotolewa kwa kulazimishwa huzaa manung'uniko hata pale lengo lake linapokuwa jema. Azimio la Musoma linaonesha kwamba kusikiliza maoni ya jamii ni jambo linalowezekana kiutawala, lakini maoni hayo yanapogeuzwa kuwa ufunguo wa kuingia chuoni, hubeba uzito mkubwa kupita kiasi. Mwenye kutoa pendekezo huwa na mamlaka juu ya maisha ya kijana, na anayeombewa huweza kujali zaidi kumridhisha mkubwa kuliko kuwahudumia watu.

Tuzo ina nafasi yake katikati ya pande hizo. Haimlazimishi mtu, na kuikosa hakumfungii mtu mlango. Inachofanya ni kuwaonesha wengine ni kazi ya namna gani Taifa linaiheshimu. Ndiyo maana makosa katika kuitoa yana madhara: tuzo ikitolewa kwa kazi isiyo na tija, wanafunzi wa mwaka unaofuata wataiga kazi hiyohiyo.

Uzoefu wa mataifa mengine

Mataifa kadhaa yamepita katika njia hii. Nchini Meksiko, utumishi wa jamii ni sharti la kupata shahada, na mwanafunzi hutakiwa kutimiza saa zisizopungua 480. Nchini Nigeria, mpango wa kitaifa wa vijana wahitimu kulitumikia Taifa ulianzishwa mwaka 1973, na wanaofanya kazi ya kupigiwa mfano katika jamii walizopangiwa hupewa tuzo za heshima za kitaifa. Nchini Marekani, marais wa vyuo vikuu vya Brown, Georgetown na Stanford walianzisha mwaka 1985 umoja wa vyuo uitwao Campus Compact, uliolenga kuingiza utumishi wa jamii katika maisha ya chuo na kuwatambua wanafunzi wanaofanya vizuri.

Mwaka 2009 ilianzishwa Tuzo ya MacJannet, inayosimamiwa kwa ushirikiano na mtandao wa vyuo vikuu ulioanzia katika mji wa Talloires, Ufaransa, mwaka 2005. Tuzo hiyo ina jambo la kuzingatiwa: hutolewa kwa programu ya chuo, si kwa mtu mmoja. Msingi wake ni kwamba mwanafunzi huhitimu na kuondoka, lakini uhusiano kati ya chuo na jamii unapaswa kuendelea.

Uzoefu huo unaonesha kwamba hakuna njia moja. Kuhesabu saa ni rahisi kusimamia, lakini saa 480 za kukaa chini ya mwembe na saa 480 za kuchimba mtaro huandikwa kwa tarakimu zilezile. Kumtuza mtu mmoja kunavutia macho ya umma, lakini huweza kuwasahau wenzake. Kutuza programu kunajenga taasisi, lakini huweza kumnyima kijana furaha ya kusikia jina lake. Utaratibu mzuri utahitaji kuchanganya njia hizo kwa uwiano.

Vigezo vinne vya kuzingatia

Tanzania tayari ina uzoefu wa kutambua vipaji vya vijana. Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu (MAKISATU), yaliyoanza mwaka 2019, yamewaibua wabunifu kuanzia shule za msingi hadi vyuo vikuu. Ufadhili wa Samia Scholarship, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023, unawawezesha wanafunzi waliofaulu vizuri zaidi masomo ya sayansi kidato cha sita kuendelea na elimu ya juu. Mipango hiyo inatambua ubunifu na ufaulu. Utumishi kwa jamii unaweza kupewa nafasi yake pembeni ya hayo mawili. Mazingira ya kisera nayo yanaruhusu, kwa kuwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya Mwaka 2014, Toleo la 2023, iliyozinduliwa jijini Dodoma Februari 1, 2025, inasisitiza elimu inayomjengea mwanafunzi ujuzi wa kutenda.

Ili tuzo hiyo iwe na maana, vigezo vinne vinastahili kuzingatiwa.

Kigezo cha kwanza ni chanzo cha kazi. Je, hitaji lilitajwa na wananchi au lilibuniwa chuoni? Halmashauri nchini zimekuwa zikitumia mfumo wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo (O&OD), ambao huwawezesha wananchi kuorodhesha vipaumbele vyao. Mwanafunzi anayeanzia katika orodha hiyo huanza na jambo ambalo watu wamekwisha kulisema. Anayekuja na wazo lake mfukoni huenda akachimba kisima mahali ambapo watu walihitaji daraja.

Kigezo cha pili ni kinachobaki. Tathmini ifanyike miezi kadhaa baada ya mwanafunzi kuondoka, si siku ya makabidhiano. Siku ya makabidhiano kila bustani ya mboga huwa ya kijani na kila ndoo ya kunawia mikono huwa na maji. Kipimo cha kweli ni hali ya bustani hiyo kiangazi kikifika, na iwapo yupo mkazi anayejua kuiendeleza bila kumpigia mtu simu chuoni. Inawezekana kabisa kwamba kazi iliyokosa picha nzuri ndiyo iliyodumu: daftari la mapato na matumizi ambalo katibu wa kikundi bado analijaza kwa mkono wake, au kanuni za matumizi ya maji zilizobandikwa ukutani na bado zinafuatwa.

Kigezo cha tatu ni usawa miongoni mwa wanafunzi. Kujitolea kuna gharama: nauli, chakula, malazi na muda ambao mwingine angeutumia kutafuta fedha za kujikimu. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) imejumuisha mafunzo kwa vitendo miongoni mwa mahitaji yanayogharimiwa na mkopo, hatua inayowasaidia wengi. Hata hivyo, mwanafunzi asiye na mkopo, au ambaye wazazi wake hawana uwezo wa kumwongezea, hulazimika kuchagua kituo kilicho karibu na nyumbani au karibu na shughuli ndogo inayompatia riziki. Iwapo tuzo itapendelea miradi mikubwa ya mbali, itakuwa inatuza uwezo wa mfuko badala ya ubora wa kazi. Kijana aliyewafundisha watoto wa mtaa wake hisabati kila Jumamosi kwa miaka mitatu hapaswi kuonekana mdogo mbele ya aliyesafiri kilomita 800 kwa wiki mbili.

Kigezo cha nne ni heshima kwa wanaohudumiwa. Wapo wagonjwa, watoto, wazee na watu wenye migogoro ya kifamilia ambao matatizo yao huwa malighafi ya ripoti za wanafunzi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa za watu hao, na hakuna tuzo inayoweza kuhalalisha kusambaza picha ya mama aliyelazwa au jina la mtoto aliyefanyiwa ukatili. Mradi uliokusanya ridhaa kwa uangalifu na kutunza siri za watu upewe alama kwa sababu hiyo. Uliokiuka uondolewe katika ushindani hata kama matokeo yake yanavutia.

Sauti ya mwananchi katika tathmini

Vigezo hivyo vinne vinarudisha hoja mahali ilipoanzia, yaani kwa mwananchi. Katika utaratibu uliozoeleka, mwanafunzi hupimwa na msimamizi wa kituo na mhadhiri anayemtembelea. Mhadhiri huyo anaweza kuwa na wanafunzi wengi waliotawanyika katika mikoa kadhaa, na hukaa na kila mmoja kwa saa chache. Anaweza kuona kama mwanafunzi ameielewa fani yake. Si rahisi kwake kuona kama jamii imenufaika.

Mkazi huona. Anajua kama kijana alifika asubuhi au mchana, kama alisalimia wazee, kama alisikiliza au alihutubia, na kama aliyoahidi aliyatimiza. Anajua pia jambo ambalo haliandikwi katika ripoti yoyote: muda ambao wakazi wenyewe walipoteza. Kaya moja inaweza kuhojiwa na makundi kadhaa ya wanafunzi, kila kundi likiuliza idadi ya watoto, aina ya choo na umbali wa maji, bila hata moja kurudi kueleza majibu hayo yalisaidia nini. Kwa mama aliyeacha biashara yake ya mboga ili ajibu maswali, hiyo ni gharama. Chuo kinachorudisha matokeo kwa waliohojiwa kinalipa sehemu ya deni hilo.

Vyombo vya kumsikiliza mkazi vipo. Mkutano Mkuu wa Kijiji, unaotakiwa kisheria kuitishwa angalau kila baada ya miezi mitatu, unaweza kupewa ajenda fupi ya kusikia taarifa ya wanafunzi waliofanya kazi kijijini na kutoa maoni. Mijini, mkutano wa wakazi wa mtaa unaweza kufanya hivyo hivyo chini ya Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa na Afisa Mtendaji. Maoni hayo yaandikwe katika muhtasari na nakala ipelekwe chuoni. Haihitajiki sheria mpya wala bajeti kubwa. Kinachohitajika ni chuo kuomba na uongozi wa eneo kukubali.

Yapo mambo ya kuchunga. Mkutano wa hadhara una aibu zake na urafiki wake. Si kila mtu atasimama kusema kwamba kijana mpole hakusaidia kitu. Kiongozi naye anaweza kumsifia aliyemletea zawadi. Kwa sababu hiyo, maoni ya mkutano yasiwe kipimo pekee, bali yasomwe pamoja na tathmini ya chuo na ukaguzi wa kilichobaki baada ya muda. Aidha, kwa kukumbuka somo la Azimio la Musoma, maoni ya mtaa yasitumike kumnyima mwanafunzi alama za kuhitimu. Yatumike kumtambua aliyefanya vizuri na kukielekeza chuo pale kilipokosea.

Faida ya utaratibu huo haitaishia kwa washindi. Mwanafunzi anayejua kwamba ripoti yake itasomwa mbele ya watu aliowahudumia ataiandika kwa lugha wanayoielewa. Atalazimika kusema kwa Kiswahili fasaha kile alichokizoea kwa istilahi za darasani, na katika kufanya hivyo atagundua kama kweli amekielewa. Mhadhiri atapata majibu ya kurekebisha kozi. Mwajiri atakayekutana na kijana huyo baadaye atakuwa na ushahidi wa uwezo wake wa kufanya kazi na watu, jambo ambalo cheti cha alama hakisemi.

Kila upande una sehemu yake. Vyuo vinaweza kuanza kwa kuchagua maeneo machache na kudumu nayo kwa miaka kadhaa, ili kundi moja la wanafunzi liendeleze pale lilipoishia lililotangulia. Halmashauri zinaweza kuviorodheshea vyuo matatizo yanayohitaji ujuzi wa wanafunzi. Wazazi wanaweza kuacha kuuliza kuhusu alama peke yake. Wananchi, kwa upande wao, wana haki ya kumuuliza mwanafunzi anayebisha hodi: kazi hii inahusu nini, na mtatuletea majibu lini?

Mcheza kwao hutuzwa, na kwao mwanafunzi anayetumikia jamii si chuoni pekee. Katika mahafali ya chuo kinachotaka kuheshimu utumishi huo, upo uwezekano wa kuongeza kiti kimoja katika meza kuu, kwa ajili ya Mwenyekiti wa Mtaa au wa Kijiji ambako kazi ilifanyika. Apewe dakika tatu aeleze kilichobaki. Maneno yake yatawaeleza wahitimu na wazazi wao kama pete imevikwa chanda kilichostahili.